Gari Dogo, Bei Kubwa: Kisa cha Mnunuzi wa Tanga na Swift Sport Yake

Kisa kinahusu nini

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mkazi mmoja wa Tanga alinijia na swali ambalo yeye mwenyewe aliliona jepesi: je, ni busara kuongeza karibu shilingi milioni sita juu ya bei ya Toyota Vitz ili kupata gari dogo jingine, la umbo lilelile, ambalo hata hivyo nguvu zake haziwatishi wenye Toyota Crown? Nimekuwa nikiwasaidia watu kuagiza na kukagua magari kwa miaka kadhaa, na swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi, lakini ni mara chache nimepata nafasi ya kulifuata gari lenyewe tangu siku ya oda hadi siku lilipouzwa tena. Mhusika ameridhia kisa chake kiandikwe kwa sharti kwamba jina lake, ofisi yake na mtaa wake visitajwe. Humu ataitwa Bwana K., na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha yamebadilishwa. Hesabu za fedha ni zake, zimetoka katika daftari alilokuwa akiliweka ndani ya gari.

Gari lenyewe ni Suzuki Swift Sport ya kizazi kilichoanza kuuzwa Japani Desemba 2011. Waandishi wa magari wa Ulaya huyagawa magari madogo yenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo, yaani hachibeki, katika makundi mawili ya mwendo: yale ya moto, kama Toyota GR Yaris ya mwaka 2020 yenye nguvu za farasi 272, na yale ya vuguvugu, ambayo yamekolezwa kidogo tu juu ya gari la kawaida. Swift Sport hii ni ya vuguvugu. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,586, haina tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, na hutoa nguvu za farasi 136, lakini huzitoa zote pale tu injini inapofikia mizunguko 6,900 kwa dakika. Gari lina uzito wa takribani kilo 1,050. Anayeziona nguvu hizo kuwa chache akumbuke kwamba Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976, iliyolipatia kundi la moto umaarufu duniani, ilikuwa na nguvu 110 tu. Uchache wa nguvu hutegemea gari limeegeshwa jirani na lipi.

Mazingira ya mnunuzi

Bwana K. alikuwa na umri wa miaka 38, mkaguzi wa hesabu mwenye mke mwalimu na watoto wawili wa shule ya msingi. Nyumba yao haiko mbali na bahari. Kazi ilimpeleka Lushoto mara mbili kwa mwezi, na kwa miaka sita safari hizo alizifanya kwa Toyota IST namba C ambayo kufikia mwaka 2023 ilikuwa imechoka miguu na injini. Njia yenyewe inajulikana: kutoka Tanga kupitia Pongwe na Muheza hadi Segera, kisha Korogwe, kisha Mombo, na hapo lami inaacha tambarare na kupanda milima ya Usambara kwa kilomita 33 za kona kupitia Soni. Kwenda peke yake ni zaidi ya kilomita 160. Mombo iko kwenye mwinuko wa takribani mita 400 juu ya usawa wa bahari na Lushoto kwenye mita 1,400 hivi, na tofauti hiyo nitairudia baadaye kwa sababu ilikuwa na kazi yake katika kisa hiki.

Bajeti ilikuwa shilingi milioni 24. Milioni 15 zilikuwa akiba pamoja na fedha za kuiuza IST, na milioni 9 mkopo wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, wa miaka mitatu. Mkewe alikuwa na leseni, lakini maisha yake yote alikuwa ameendesha magari ya otomatiki tu. Jambo hilo lilitajwa siku ya kwanza tulipozungumza na halikupewa uzito, wala na yeye, wala na mimi.

Magari matatu yaliyopimwa

La kwanza lilikuwa Vitz ya mwaka 2014 yenye injini ya 1.3, nguvu 95, ambayo kwa makadirio yetu ingefika Tanga, ikiwa na namba na bima, kwa shilingi 16,500,000. Hili lilikuwa chaguo la mkewe, na pia lilikuwa chaguo langu la awali. Spea zake zinapatikana kila duka Tanga, na fundi anayeshindwa kuitengeneza Vitz hajazaliwa.

La pili liliingizwa na mjomba wake, mzee anayesikilizwa katika ukoo, ambaye alikuja nyumbani Jumapili moja, akapokea shikamoo yake, akanywa chai, kisha akasema: "Mjomba, milioni ishirini na mbili unanunua kigari cha kina mama? Kwa pesa hiyo si uchukue Crown, watu wakikuona wajue umefika?" Mzee hakuwa anatania. Crown Athlete yenye injini ya 2.5 ina nguvu 215, na kwa hesabu ya shilingi kwa kila nguvu ya farasi haina mpinzani katika soko letu. Bwana K. alimjibu kwa heshima: "Mjomba, mimi nikifika Soni nikiwa mzima, inanitosha." Crown ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, injini yake inavuka sentimita za ujazo 2,000 na hivyo huingia kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 badala ya 5, na mafuta yake yangekula mshahara. Tuliliweka kando bila kulijadili sana.

La tatu lilikuwa Swift Sport, ambayo Bwana K. aliwahi kuiendesha ya mtu mwingine Dar es Salaam kwa nusu saa. Nusu saa ile, nadhani, ndiyo iliyoamua mambo, na yote yaliyofuata yalikuwa ni kutafuta hoja za kuitetea.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu mwaka wa gari, na huu ndio tulioufanya vizuri kuliko yote. Bwana K. alikuwa amepata mtandaoni gari la mwaka 2012 lililokuwa na bei ya chini kuliko la 2014 kwa kama dola 600, na aliliona ni la bure. Nilimwomba tuketi na kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA. Gari lisilo la biashara linalozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na lile la miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15. Chukua thamani ya kodi ya shilingi milioni 10 ili hesabu iwe nyepesi. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 2,500,000, hivyo thamani inakuwa 12,500,000. Juu ya hiyo unaweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya 1,000 na 2,000, ambao ni 625,000, pamoja na ule wa uchakavu, ambao ni 1,875,000 kwa gari la miaka 9 au 3,750,000 kwa gari la miaka 11. Mwisho VAT ya asilimia 18 huangukia jumla yote, ikiwa pamoja na uchakavu wenyewe. Gari la miaka 9 linatozwa 7,700,000, na la miaka 11 linatozwa 9,912,500, kabla ya tozo ndogondogo. Tofauti ya zaidi ya milioni mbili iliimeza dola 600 ya punguzo na kubakisha njaa. Izingatiwe pia kwamba TRA hutumia thamani iliyo kwenye kanzidata yake, kwa hiyo anayepata gari kwa bei ya kutupa huko Japani hapati nafuu hiyohiyo ya kodi bandarini.

Uamuzi wa pili ulikuwa gia. Kizazi hiki kilitengenezwa na gia sita za mkono au kwa otomatiki ya mkanda, ile iitwayo CVT. Bwana K. alichagua gia za mkono kwa sababu mbili: aliamini kwamba injini isiyo na tabo huamka vizuri zaidi dereva akiishika gia mwenyewe, na aliogopa otomatiki ya mkanda kuwekewa oili isiyo yake katika gereji za mitaani. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni sauti ya mtu wa pili ambaye angelitumia gari hilo.

Uamuzi wa tatu haukuwa uamuzi hasa, bali ni jambo lililopita bila kuangaliwa. Gari lilikuja na tairi za 195/45, yaani upana wa milimita 195 na ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, kwenye rimu za inchi 17. Nilikagua karatasi ya mnada, nikaangalia alama ya gredi, nikatafuta maandishi ya kutu chini ya gari kwa sababu magari ya mikoa ya theluji ya Japani hutembea juu ya barabara zilizomwagwa chumvi, na gari la namna hiyo likija kukaa pwani linaoza mara mbili. Chini lilikuwa safi. Saizi ya tairi niliisoma na kuiandika, na sikuuliza swali lolote.

Gharama ya mwisho ilikuwa hivi: bei ya gari pamoja na usafiri na bima ya baharini 11,700,000, kodi zote 8,400,000, bandari na wakala 1,200,000, usajili 250,000, kwa kuwa injini yake inavuka 1,500, na bima kubwa ya mwaka wa kwanza 800,000. Jumla ni shilingi 22,350,000, yaani 5,850,000 zaidi ya Vitz.

Yaliyotokea

Gari lilitoka bandari ya Dar es Salaam mwishoni mwa Julai 2023. Wiki mbili baadaye Bwana K. alinipigia simu akiwa amenuna kabisa. Alisema ameuziwa jina, kwamba gari halina nguvu, na kwamba kwenye kilima cha baada ya Mombo lilipumua kama IST yake ya zamani. Nilikwenda naye safari iliyofuata ili nione.

Tatizo lilikuwa mguu wake. Miaka sita ya IST ilikuwa imemfundisha kupandisha gia mapema, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500, ili kuokoa mafuta, na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Injini hii msokoto wake mkubwa, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ambao ni nyutoni mita 160, hupatikana kwenye mizunguko 4,400, na nguvu yote iko juu zaidi ya hapo. Dereva anayeipandisha gia kwenye 2,500 anaendesha gari la kawaida lenye tairi za gharama. Juu ya hilo kuna mwinuko: injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyembamba, hivyo nguvu 136 za Tanga mjini hufika Lushoto zikiwa kama 117. Mtengenezaji pia anataka petroli ile ambayo Wajapani huiita haioku, ambayo kiwango chao kinadai okteni, yaani kipimo cha petroli kutolipuka kabla ya wakati wake, isiyopungua 96. Inapowekewa petroli ya chini ya hapo, kompyuta ya injini huchelewesha cheche ili isigonge, na nguvu kidogo huenda hapo. Nilimwambia abaki gia ya tatu kuanzia kona ya kwanza hadi tuone maporomoko ya Soni. Hakuzungumza njia nzima, ila tulipofika alizima injini na kubaki ameshika usukani akitabasamu peke yake.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, nami sitaki kuificha kwa kuwa matokeo ya mwisho hayakuwa mazuri. Kati ya Segera na Korogwe aliweza kulipita lori kwa sehemu fupi ya barabara ambayo zamani asingeithubutu. Alikuwa anafika Lushoto hajachoka mikono. Tochi ya trafiki ilimkamata mara moja tu, katika eneo la 50, akalipa shilingi 30,000 na kukiri kwamba kosa lilikuwa lake.

Kisha zikaja mvua za vuli za 2023, zile za El Nino. Novemba usiku, mvua ikinyesha, aliingia kwenye shimo lililofunikwa na maji. Tairi ya mbele kushoto ilipasuka ubavuni na rimu ikapinda. Hapo ndipo 195/45 yenye inchi 17 ilipodai haki yake. Maduka ya tairi ya Tanga yamejaa saizi za IST, Vitz na Noah. Hii haikuwepo hata moja. Rimu ya kuazima nayo haikuwezekana, kwa sababu gari hili lina nati tano na magari madogo ya jirani zake yana nati nne. Tairi iliagizwa Dar es Salaam ikaja kwa basi hadi stendi ya Kange, na gari lilikuwa limekaa siku nne juu ya jeki. Mwezi uliofuata ikapinda rimu ya pili. Fundi mmoja, mzee mwenye maneno machache, ndiye aliyesema yaliyopaswa kusemwa na mimi tangu Machi 2023, tulipokuwa tukichagua gari: shusha rimu iwe inchi 16, uweke 195/50. Ukuta wa tairi uliongezeka kutoka milimita 88 hadi karibu 98, wakati kipenyo cha gurudumu zima kilipungua kwa asilimia moja tu, kwa hiyo spidi mita haikudanganya. Baada ya hapo mashimo hayakumvunja tena, ingawa bampa la mbele liliendelea kukwaruza matuta hadi mwisho. Tairi na rimu, tangu ajali ya kwanza, zilimgharimu 1,350,000.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mkewe alijaribu klachi mara tatu kwenye uwanja wa wazi, na mara ya tatu gari lilizima mbele ya bodaboda waliokuwa wakimtazama. Hakujaribu tena. "Baba watoto," alimwambia, "hili gari ulijinunulia mwenyewe." Hakukuwa na ugomvi. Aliendelea kwenda shuleni kwa bajaji, kwenda na kurudi shilingi 4,000, siku 22 kwa mwezi, wakati gari la milioni 22 limeegeshwa chini ya mwembe siku ambazo mumewe yuko ofisini kwa miguu.

Aprili 2024, katikati ya masika, alikuwa anateremka kutoka Soni wakati lori la kabichi lilipokuwa limeharibika ndani ya kona, bila tawi wala pembetatu ya kutahadharisha. Alikuwa gia ya pili. Alisimama, kwa maneno yake, "nikazihesabu kabichi." Alinisimulia tukio hilo mara nne kwa muda wa wiki moja, na kila mara aliliweka kama jibu la swali alilonijia nalo mwanzoni.

Matokeo

Mwishoni mwa Oktoba 2024 alihamishiwa kazi ya kukaa ofisini Tanga. Safari za Lushoto zikaisha baada ya kutimia 31. Novemba gari lilitembea kilomita zisizofika 300. Aliamua kuliuza, na hapo aligundua kwamba wanunuzi wa magari madogo Tanga huuliza swali la kwanza kuhusu gia kabla ya kuuliza bei. Madalali walilipitisha kwa watu, wakaja, wakafungua mlango, wakaona kijiti cha gia na pedali tatu, wakafunga mlango. Liliuzwa Desemba kwa shilingi 17,200,000 kwa kijana wa Arusha aliyelifuata mwenyewe kwa sababu lilikuwa la gia za mkono. Wiki ileile jirani aliuza Vitz ya mwaka uleule kwa milioni 14, ndani ya siku mbili.

Uchambuzi

Tuanze na hesabu, kwa kuwa swali lilikuwa la bei. Tukiiondoa bima, gari lilimgharimu 21,550,000, na limeuzwa 17,200,000 baada ya miezi 17: limeshuka 4,350,000. Vitz, kwa makadirio ya 15,900,000 bila bima na mauzo ya milioni 14, ingeshuka 1,900,000. Tofauti ni 2,450,000. Mafuta: daftari lake lilionyesha wastani wa kilomita 12.5 kwa lita, nami naikadiria Vitz kwa 15.5 katika njia hizohizo. Kwa mwendo wa kilomita 18,000 kwa mwaka na petroli ya shilingi 3,000, tofauti ni kama 837,000 kwa mwaka, au takribani 1,190,000 kwa muda wote. Tairi na rimu 1,350,000. Bajaji, tukiondoa miezi ya likizo za shule, kama 1,230,000. Jumla inakaribia 6,220,000. Gawanya kwa safari 31, na kila safari ya Lushoto ilibeba nyongeza ya shilingi laki mbili juu ya ile ambayo Vitz ingegharimu. Nilipomwonyesha namba hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kabichi nimezihesabu.

Swali lake lina haki yake. Nyongeza ya bei ya gari la vuguvugu hailipii nguvu 41 zilizo kati ya 95 na 136, na hapa ndipo wengi wanaoliponda gari la namna hii, pamoja na mjomba, wanapokosea kipimo. Ukinunua kwa nguvu, Crown inashinda na mjadala umekwisha. Kilicholipiwa ni breki za diski kwa magurudumu yote manne, wakati Vitz ya 1.3 na IST zina ngoma nyuma. Ni shokapu na springi ngumu zaidi, na gia zilizokaribiana, vyote vikiwa vimefungwa kwenye gari la tani moja ambalo halihitaji kupambana na uzito wake. Vitu hivyo havina faida kwenye barabara ya kwenda sokoni. Faida yake huonekana baada ya dakika 20 za mteremko, wakati breki za gari la kawaida zimeshika joto na pedali imeanza kuwa laini. Hata hivyo sina njia ya kuthibitisha kwamba Vitz isingesimama nyuma ya lori lile. Breki moja ya nguvu, kwa tairi nzuri na ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, huenda magari yote mawili yangeisimamia. Ninaloweza kulitetea ni kwamba aliteremka kwa gia ya pili, injini ikiwa imelishika gari, breki zikiwa baridi, na kwamba alikuwa na tabia hiyo kwa sababu gari lenyewe lilimfundisha kutumia gia. Dereva wa Vitz anaweza kuteremsha gia vilevile. Ni wachache wanaofanya hivyo.

Sasa tuitenganishe bei ya gari na bei ya maamuzi juu ya gari. Katika ile 6,220,000, bajaji na rimu ni 2,580,000, na hizo hazikutokana na aina ya gari. Zilitokana na gia iliyochaguliwa bila kumuuliza mtumiaji wa pili na saizi ya tairi ambayo mshauri aliiandika bila kuitafakari. Zikiondolewa, nyongeza inabaki 3,640,000, au kama 117,000 kwa safari. Kwa mtu anayepanda Usambara mara mbili kwa mwezi katika masika na vuli, bei hiyo ningeitetea mbele ya mkewe. Laki mbili nisingeweza.

Kuhusu gia nina maoni yaliyogawanyika. Ni kweli kwamba injini hii inapendeza zaidi kwa gia za mkono, na kwamba mteja wa Arusha alikuja kwa sababu hiyohiyo. Lakini soko la Tanga ni la otomatiki, na gari la familia lenye dereva mmoja ni nusu gari. Ningekuwa na nafasi ya kurudi Machi 2023, ningesisitiza otomatiki na kumwachia jukumu la kununua oili sahihi ya gia na kusimama juu ya fundi anapoimwaga. Angepoteza kidogo ya lile tabasamu la Soni. Angeokoa bajaji zote, na pengine wiki nne za madalali.

Kosa langu la tairi nalieleza kwa kirefu kwa sababu linajirudia kwa wengi. Gari linalokolezwa kiwandani hukolezwa kwa ajili ya lami ya Japani, na kitu cha kwanza kinachoonyesha hivyo ni ubavu mwembamba wa tairi. Siku hizi nikipokea oda ya gari la aina hii, kabla sijatazama injini nazunguka maduka matatu ya tairi hapa mjini na saizi iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Ikiwa hawanayo, bei ya rimu ndogo zaidi naiingiza kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kama vile ni kodi.

Linabaki suala ambalo hakuna kikokotoo ambacho kingeliona, nalo ni uhamisho. Thamani ya gari hili kwa Bwana K. ilikuwa imefungwa kwenye kilomita 33 za barabara moja, na kazi ilipoziondoa kilomita hizo, kilichobaki kilikuwa gari gumu kwenye matuta, lenye kiu kidogo, ambalo mke haliendeshi. Mkopo wa SACCOS ulikuwa wa miaka mitatu; hakika ya safari za Lushoto ilikuwa ya barua moja ya mwajiri. Tulipima umri wa gari kwa ajili ya TRA hadi mwaka na mwezi, na hatukuuliza hata mara moja ile kazi ina umri gani.

Kwa sasa wana Vitz, ya otomatiki, na mkewe ndiye anayeshika ufunguo. Rimu mbili za inchi 17 ambazo hazikupinda bado zimo stoo, zimefunikwa kwa khanga. Kijana wa Arusha amezipigia simu mara mbili, na mara zote mbili Bwana K. amemwambia atazitafuta.